Dua ya Maziwa

Dhiil haina gundi. Haina lami, haina msumari, haina hata kipande cha bati. Ni chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, tumbo pana, shingo nyembamba, kifuniko juu. Mwanamke aliyekisuka hukijaza maziwa, hukifunga ubavuni mwa ngamia, na huhama nacho kutwa nzima katika jua la Garissa bila tone kudondoka mchangani. Anayekiona mara ya kwanza hukigeuzageuza, hukigonga kwa kidole, hutia jicho ndani akitafuta palipozibwa. Hakuna palipozibwa. Kuna mishono tu, safu juu ya safu, na kila mshono umekazwa na mtu ambaye siku hiyo alikuwa na subira.

Nataka kukisifu chombo hiki, pamoja na kazi yote inayokizunguka tangu alfajiri hadi isha katika nyumba za Wasomali wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Wengi wa nchi hii wanaijua Garissa kwa habari za msiba: ukame, mafuriko ya Mto Tana, na asubuhi ile ya tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 walipouawa katika chuo kikuu. Misiba hiyo ni ya kweli na waliofiwa hawajaisahau. Lakini ukiishi Garissa, siku zilizo nyingi zaidi ni zile ambazo hazikuandikwa na gazeti lolote: watoto wamerudi kutoka duksi, madrasa ya Kurani, chai imechemka, maziwa yamefika kutoka malishoni yakiwa bado mazima. Siku hizo zina ufundi wake, na ufundi huo unastahili kutazamwa polepole.

Kazi ya dhiil huanzia porini. Mizizi inayosifika ni ya vichaka vya jamii ya asparaga vinavyoota katika nyika kavu. Huchimbwa, humenywa, hupondwa hadi ubaki uzi wenyewe, kisha huanikwa. Kabla ya kusuka, nyuzi hulowekwa tena ili zikubali kupinda. Msusi hukusanya fungu dogo la nyuzi liwe kiini, hulizungushia uzi mwingine, hutoboa mzunguko wa chini kwa shazia ya chuma ambayo Wasomali huiita mudac, hupitisha uzi, huvuta. Hutoboa tena, hupitisha, huvuta. Mwanzoni kuna kitako tu kinachotosha kiganjani, na mtu asiyejua anaweza kudhani ni mchezo wa mtoto. Tumbo linapotakiwa kupanuka, msusi huongeza mishono. Shingo inapotakiwa kubana, huipunguza. Hana futi wala kamba ya kupimia. Anapima kwa jicho na kwa kidole gumba, na ukizipanga dhiil mbili za mkono mmoja, mviringo wake hulingana.

Akili kubwa ya kazi hii iko kwenye uzi wenyewe. Uzi wa mizizi ukilowa hufura, na ukifura hujibana na mwenzake. Kwa hiyo chombo kilichosukwa vizuri hujiziba kwa kitu kilekile kinachobeba: maziwa yanapoingia, mishono hukaza. Msusi aliyelegeza mkono hata mahali pamoja hujulikana siku hiyohiyo, kwa sababu maziwa hayamfichi mtu. Chombo kipya hakikabidhiwi maziwa mara moja. Hupakwa maji ya magome yenye kukaza, hupakwa samli, hufukizwa mara kwa mara, mpaka ndani kuwe na utando mweusi unaong'aa. Kikiwa na umri, kinakuwa bora zaidi. Kuna nyumba ambamo dhiil ya bibi bado inaaminika kuliko zote zilizokuja baada yake.

Ndugu yake mkubwa ni haan, chombo kipana zaidi cha kuwekea akiba, ambacho mara nyingine hupambwa kwa kauri na kufungiwa fremu ya fito ili kikae imara juu ya ngamia. Mikono inayovisuka hivi viwili ndiyo, kwa desturi, inayojenga nyumba. Aqal, nyumba ya duara ya wafugaji, hubomolewa, hupakiwa na kusimamishwa upya na wanawake: wao huipinda mifupa yake ya mizizi na matawi, wao husuka mikeka inayoifunika. Familia inapohama, nyumba nzima na jiko lake lote hupanda juu ya ngamia, na asubuhi ya pili mtoto huamka chini ya paa lilelile ingawa nchi iliyo nje ya mlango ni nyingine. Wanaume nao wana ufundi wao wa mti: huchonga koor, kengele ya mbao inayofungwa shingoni mwa ngamia, ambayo mchungaji huitambua sauti yake gizani.

Sasa nije kwenye moshi, maana hapo ndipo maziwa yanapopata heshima yake.

Katika nchi yenye mvua haba, ambako mchana joto mara nyingi hupita nyuzi 35, maziwa yana maadui wengi na maji ya kuoshea vyombo ni machache. Wafugaji walipata jibu lao muda mrefu kabla ya friji kufika Garissa. Mama huosha chombo kwa maji kidogo, hukianika juani hadi kikauke kabisa, kisha huchukua kijiti cha mti uliochaguliwa, hukiwasha hadi kiwe kaa jekundu, hukiingiza ndani na kufunga kifuniko. Hukishika chombo kwa mikono miwili, hukizungusha, hukiinamisha huku na huku ili moshi ufike kila pembe na kaa lisituame mahali pamoja. Akifungua, moshi mzito hutoka polepole. Kaa hutolewa, kijiti kingine huingia, kifuniko hufungwa tena. Mwisho hupitisha brashi ya nyuzi ndani, hukung'uta vumbi la mkaa, na hunusa.

Hunusa kwa makini, na asiporidhika hurudia. Hilo ndilo linalonifanya nimpende fundi wa aina hii. Hakuna mkaguzi aliyesimama mlangoni, hakuna mteja anayelalamika, watoto hawajaamka. Angeweza kuacha hapo na mchana usingeona tofauti. Lakini pua yake imemwambia bado, naye huitii.

Mti nao si mti wowote. Migunga ya aina fulani hupendwa, miti mingine hukataliwa kwa sababu moshi wake ni mchungu au huacha harufu isiyokaa vizuri na maziwa. Wale wanaoishi karibu na milima ya kaskazini husifu mzeituni mwitu. Kila mama ana mti wake, na ukiwakutanisha wanawake wa Garissa, Wajir na Mandera ukawauliza ni upi ulio bora, tenga jioni nzima. Wana ndimi za kupambanua ladha. Mtu aliyelelewa na maziwa haya anaweza kuonja funda moja akajua kama chombo kilifukizwa leo au jana, na kwa kuni za wapi.

Maabara zimekuja baadaye kueleza kinachotokea. Moshi wa kuni una kemikali, fenoli zikiwa miongoni mwake, zinazozuia bakteria wengi wasistawi, na joto la kaa hukausha ndani ya chombo pale ambapo maji hayatoshi. Mwaka 1990 Zakaria Farah na wenzake wa ETH, chuo kikuu cha ufundi cha Zurich, walichapisha utafiti wao kuhusu maziwa ya ngamia yaliyochachushwa nchini Kenya, yale tunayoyaita suusaac. Suusaac ni mtoto wa chombo kilichofukizwa: maziwa mabichi humiminwa ndani, hufunikwa, huachwa katika kivuli cha nyumba siku moja au mbili, na bakteria wema waliobaki hufanya kazi yao. Yanayotoka ni meupe, mepesi, machachu, yenye moshi. Hayagandi yakawa mazito kama maziwa lala ya ng'ombe, kwa sababu protini na mafuta ya maziwa ya ngamia yameumbwa tofauti. Anayeyanywa mara ya kwanza hukunja uso. Mpe glasi ya pili kesho yake.

Neno moja lazima niliseme hapa kwa uzito wake. Moshi hautoshi kuua kila kitu. Ugonjwa wa brusela upo katika mifugo ya kaskazini, na homa yake huwatesa watu miezi mingi. Kuchemsha maziwa mabichi kabla ya kuwapa watoto hakupunguzi heshima ya dhiil hata kidogo. Mama anayechemsha anaendeleza ulinzi uleule ambao bibi yake aliuanza kwa kijiti cha moto.

Nyuma ya chombo kuna ngamia, na ngamia haburuzwi. Hubeba mimba kwa takriban miezi 13. Ana chuchu nne, na akizaa, utaratibu wa wachungaji wengi ni kufunga mbili kwa kamba laini kwa ajili ya nyumba na kumwachia ndama mbili. Bila ndama, mama hatoi. Ndama huletwa kwanza, hunyonya kidogo, maziwa hushuka, na tangu hapo mkamaji ana dakika moja na nusu au mbili kabla hayajajizuia tena. Ndiyo maana utawaona wawili, mmoja kila upande, wamesimama kwa mguu mmoja, wa pili umekunjwa juu ya goti, chombo kimekaa kwenye paja, mikono yote miwili ikifanya kazi. Kwa desturi ni kazi ya wanaume na vijana. Mwingine huimba kwa sauti ya chini. Povu hupanda hadi mdomoni mwa chombo. Ukimya wa dakika hizo mbili, kijana wa miaka 14 akiwa amesawazisha mwili wake wote ili asimwage riziki ya nyumba, ni darasa ambalo sijaona shule ikilifundisha.

Nyimbo za kuzungumza na ngamia zipo kote wanakofugwa. Mwaka 2022 UNESCO iliutia katika orodha yake ya urithi Alheda'a, wito wa kuwaita ngamia wa Oman, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Wachungaji wetu wana zao, za kunywesha kisimani na za kupakia mizigo, wanazozipokea kwa masikio kutoka kwa baba zao.

Halafu siku yenyewe. Garissa iko karibu kabisa na Ikweta, kwa hiyo jua halibadilishi ratiba sana. Mwaka mzima alfajiri na magharibi husogea kwa takriban nusu saa tu, na nyumba inaweza kupanga kazi zake zote kwa adhana bila kutazama saa. Kabla ya adhana ya alfajiri, mama ameshafunua beseni la unga uliolala usiku kucha kwa ajili ya anjera, mkate mwembamba wa kikaangoni. Baada ya swala huwasha jiko, hupaka kikaango tone la mafuta, humimina unga katikati na kuuzungusha kwa mgongo wa upawa kutoka ndani kwenda nje hadi ukingoni. Vitundu hufunguka juu yake. Anjera haigeuzwi, huiva upande mmoja, hufunikwa, hutolewa. Katika jiko la pili chai inachemka na iliki, mdalasini, tangawizi, sukari nyingi, na mwishoni maziwa ya ngamia humiminwa kutoka katika chombo chake, na moshi wa jana huingia katika chai ya leo.

Watoto wako duksi wakati huo, wamekaa chini na mbao zao za kuandikia, kila mmoja akisoma aya yake kwa sauti, na kwa mbali huwezi kutofautisha nani anasoma nini. Mbao zenyewe, loox, huandikwa kwa wino wa mkaa, hukaririwa, huoshwa, huandikwa tena. Wasomali wanamkumbuka Sheikh Yusuf al-Kawneyn, maarufu kwa jina la Aw Barkhadle, kwa mfumo wake wa kuzitaja herufi na irabu za Kiarabu kwa Kisomali, na hadi leo watoto hujifunza kwa njia hiyo. Wanaporudi, wana njaa na wino vidoleni. Anjera huraruliwa, hunyunyiziwa sukari na samli, humwagiwa chai hadi ilainike. Kabla ya tonge la kwanza hutajwa Bismillahi. Anayesahau hukumbushwa na mdogo wake, kwa furaha kubwa.

Mchana ni wa soko na wa kivuli. Jumatano mji hujaa, kwa kuwa soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki, na baba akienda huko harudi kabla ya adhuhuri. Mama naye huenda kwenye soko lake, la maziwa. Biashara ya maziwa iko mikononi mwa wanawake, na mizani ya nyumba nyingi husimama juu ya faida yao ya lita. Huko Isiolo, wanawake wa ushirika wa Anolei wameifanya kazi hiyo kuwa kubwa: maziwa ya ngamia hukusanywa, hupozwa na kupanda basi hadi Eastleigh, Nairobi, kila siku. Muuzaji hodari hufungua kifuniko, hunusa, huonja tone, na huamua. Pua ya alfajiri ndiyo hiyohiyo ya sokoni.

Magharibi huingia mapema na kwa ghafla. Baada ya swala mkeka hutandikwa uani, sinia moja huwekwa katikati, na mikono yote ya nyumba huelekea hapo. Ndipo dhiil hupitishwa. Kifuniko chake ndicho kikombe, kwa kuwa waliokibuni chombo hiki hawakutaka kubeba vitu viwili pale kimoja kinapotosha. Mgeni akiwepo hupewa kwanza. Bibi hupewa. Watoto husubiri wakihesabu mafunda ya wenzao. Kifuniko huzunguka kutoka mkono hadi mkono, na harufu ya moshi hukaa kwenye midomo ya watu wote wa nyumba hiyo.

Na hapa kuna jambo ambalo kila nikilifikiria hunigusa. Katika hadithi iliyopokewa kwa Ibn Abbas, ambayo Abu Dawud na Tirmidhi wameiandika, Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha dua ya chakula na dua ya maziwa, nazo ni mbili. Anayekula chakula humwomba Mungu akibariki na amlishe kilicho bora kuliko hicho. Anayekunywa maziwa humwomba Mungu ayabariki na amzidishie hayohayo. Kwa kila chakula kuna kilicho bora cha kutamaniwa. Kwa maziwa hakuna. Dua yake ni kuomba zaidi ya kilekile ulichonacho mkononi.

Nimewaona watu wakiisema dua hiyo kwa haraka, kifuniko kikiwa tayari mdomoni, na sidhani wengi husimama kuifikiria. Hawana haja. Wanaishi ndani yake. Siku niliyoieleza haina jambo la kupigiwa picha: anjera ileile, aya zilezile, kijiti kilekile cha mgunga ndani ya chombo kilekile. Mtu anayeiomba siku kama hiyo irudi kesho, na keshokutwa, amefika mahali pa imani ambapo wengine tunahangaika kupafikia kwa vitabu. Kurani yenyewe, katika Sura An-Nahl, inayataja maziwa yanayotoka katika matumbo ya wanyama kuwa funzo kwa wanadamu, na katika Al-Ghashiya inauliza kama watu hawamtazami ngamia jinsi alivyoumbwa. Mchungaji wa Garissa humtazama kila siku. Ni sehemu ya ibada yake iwe anajua au hajui.

Furaha hii imejaribiwa. Kati ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kunyesha vya kutosha, mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe walianguka kwa wingi; ngamia walivumilia zaidi, ingawa nao walipungua maziwa. Familia nyingi zilizokuwa za ng'ombe zimegeukia ngamia kwa sababu hiyo. Hata kabla ya ukame huo idadi yao ilikuwa ikipanda: sensa ya mwaka 2009 ilihesabu karibu ngamia milioni 3 nchini Kenya; ile ya 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 4.6. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2024 kuwa mwaka wa kimataifa wa ngamia na jamaa zake. Maziwa, basi, yana mustakabali mzuri. Chombo chake ndicho ninachokihofia.

Maziwa mengi ya Garissa leo husafiri kwa bodaboda ndani ya mitungi ya plastiki ya njano iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia. Naelewa sababu: mtungi ni rahisi kununua, mwepesi kufunga kwenye pikipiki, na hauhitaji miezi ya kusuka. Lakini mdomo wake ni mwembamba, mkono haupiti, pembe zake hazisuguliki, na huwezi kuweka kaa la moto ndani yake bila kuutoboa. Wengine huelekeza moshi kwenye mdomo wa mtungi kwa kujaribu, kwa sababu wateja wanaidai ladha, nami nawaheshimu kwa jitihada hiyo. Makopo ya alumini, ambayo vikundi vya wanawake vya Isiolo vimeyazoea, ni bora sana: husafishika, na hufukizika. Kwa safari ya basi ningechagua kopo la alumini bila kusita. Kwa nyumbani, kwa suusaac, kwa sinia la jioni, hakuna kilichoifikia dhiil.

Tatizo ni kwamba dhiil mpya hazizaliwi. Utaziona zimetundikwa ukutani katika hoteli na sebule, zimepakwa vanishi, kavu, hazijaonja maziwa miaka mingi. Chombo cha mizizi kisichotumika hufa: nyuzi hukauka, hupasuka, mishono huachana. Ndugu zetu wa Djibouti wameliona jambo hili upande wao. Mwaka 2023 xeedho, chombo cha kusukwa cha harusi ambacho hujazwa nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa katika samli, kikavishwa nguo na kufungwa kamba ambazo ndugu wa bwana harusi hutakiwa kuzifungua, kiliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Xeedho inajulikana hata huku kwetu. Ususi wake na ususi wa dhiil ni wa ukoo mmoja, na wanaoujua wana mvi.

Vyuo vya ufundi vya kaunti hufundisha ushonaji, useremala, ufundi wa magari. Ni vizuri. Naomba kimoja tu kati ya hivyo kiongeze mkeka chini ya mti na mabibi wawili watatu juu yake, walipwe kama walimu wengine wanavyolipwa, wasiitwe siku ya maonyesho peke yake. Naziomba hoteli za Garissa zinazojisifu kwa suusaac ziagize vyombo vipya kwa wasusi walio hai, badala ya kununua vya zamani kwa ajili ya kuta.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu yupo bibi anayejua mshono huu, mletee mizizi wiki hii. Kaa chini mbele yake, usiharakishe, umwombe akuonyeshe mzunguko wa kwanza. Kisha kichukue chombo kilichotundikwa ukutani, kiloweke, kifukize, ukitie maziwa.